Malalamiko Kuhusu Msafiri wa Nne Aliyesubiriwa Kila Asubuhi

Kwa Meneja wa Safari za Familia

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na wafanyakazi wako wote, hata yule karani wa dirisha la pili ambaye nitamtaja sasa hivi. Mimi ni baba wa familia iliyorudi wiki mbili zilizopita kutoka katika safari yenu ya siku sita ya kutembelea mji wa ng'ambo. Tulikwenda watatu: mimi, binti yangu, na shemeji yangu, ambaye ni mdogo wa marehemu mke wangu. Kwa hesabu ya ofisi yenu tulikwenda wanne. Hapo ndipo penye kilio changu, nami nimekipanga kwa nambari kama kijitabu chenu kinavyoelekeza.

1. Safari hii aliiandikisha mke wangu. Alikuwa na hamu ya kuona daraja la mji ule, na kwa mwaka mzima alijifunza lugha yao kwa redio akiosha vyombo, akirudia maneno huku mikono imejaa povu. Akaugua, akafariki miezi mitatu kabla ya tarehe. Nilikuja ofisini kwenu na cheti cha kifo kuomba apunguzwe kwenye orodha. Karani wenu alikisoma mbele na nyuma, akanipa pole, kisha akanieleza kwamba fomu ya kupunguza msafiri husainiwa na aliyeandikisha safari. Nikamwambia aliyeandikisha ndiye huyo aliyefariki. Akafikiri kidogo. "Basi mzee, hata akija kesho si neno," akasema. "Tunafunga saa kumi." Cheti nikarudishiwa, kwa sababu hakina nambari ya safari.

2. Kule tulipokelewa na mwongoza watalii wenu, mzee mwembamba ambaye shemeji alimbandika jina la Mwavuli, kwa kuwa alitembea ameuinua mwavuli wa manjano hata jua likiwaka. Hakujua neno moja la lugha yetu, nasi la kwake hatukulijua. Aliyelijua tulikuwa tumemzika. Aliponiuliza kwa ishara tuko wangapi, niliinua vidole vinne. Hilo nakiri ni langu. Tangu shemeji ahamie kwetu, yapata miaka kumi na miwili, swali hilo vidole vyangu hulijibu vyenyewe. Mwavuli akaangalia orodha yenu, nayo ikasema wanne, akaridhika.

3. Kila asubuhi alituhesabu mlangoni pa hoteli. Mmoja, wawili, watatu, kisha akageuka kutazama ngazi. Dereva alizuiwa asiwashe basi. Tulingoja robo saa, siku nyingine dakika ishirini. Shemeji anaamini kwamba lugha yetu ikisemwa kwa nguvu inaeleweka na kila mtu. "Baba, dada yangu hayupo. Ha-yu-po," alimwambia karibu na sikio. Mwavuli akaitikia kwa kichwa na kumvutia kiti, kama anayesema hakuna haraka. Siku ya tatu binti yangu alinung'unika, "Mama naye, kila siku hivi hivi," kwa sauti ile ile ya nyumbani, zamani tulipokuwa tukisimama mlangoni na mizigo na mama yake amerudi ndani kwa mara ya pili kuhakikisha jiko limezimwa. Kisha akainama kufunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa. Usumbufu wa namna hii haukutajwa popote katika kijitabu chenu.

4. Mezani tuliandaliwa sahani nne. Yai la nne lilipoa mbele yetu kwa siku sita.

5. Abiria wenzetu, ambao nao kila mmoja alikuja na lugha yake, mwanzoni walituchukia kwa kuwachelewesha. Kufikia siku ya nne wakaanza kutuhurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Bibi mmoja mwenye kofia alimpa shemeji chupa ya dawa ya kikohozi ampelekee mgonjwa wetu chumbani. Shemeji akamrudishia. Bibi akairudisha tena. Mwishowe shemeji akainywa yeye, palepale, ili mambo yaishe, na bibi akaenda zake akiwa amechanganyikiwa kuliko sisi.

6. Kuhusu mji wenyewe, tulionyeshwa sanamu kumi na moja za wanaume waliopanda farasi. Kila mmoja alielezewa kwa nusu saa. Hatujui walifanya nini, ila inaelekea wote wamekufa na mji mzima una taarifa. Nauliza kwa heshima: inakuwaje watu waliokufa zamani hivyo wachongewe mawe na maandishi, na mke wangu akose mstari mmoja katika daftari lenu?

7. Siku ya mwisho tulifikishwa kwenye lile daraja. Mwavuli aliichukua kamera ya binti yangu, akatupanga, kisha akanisukuma taratibu hatua moja kando ili pawe na nafasi kati yangu na shemeji. Akainua kamera. Akaishusha, akatazama barabara tuliyotoka. Alingoja sana kabla ya kupiga. Picha ninayo, na nafasi hiyo imo, upana wa mtu mmoja. Mtu hapaswi kurudi kutoka likizo na kitu kama hicho.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Mwavuli ahamishiwe idara ya mizigo, kwa sababu sanduku likikosekana huwa lina lebo. Pili, wakazi wote wa mji ule wafundishwe lugha yetu kabla ya msimu ujao, wakianza na wahudumu wa hoteli. Na kama muda hautoshi, wajifunze walau kusema pole kwa msiba. Tatu, nipewe barua rasmi yenye mhuri wenu inayothibitisha kwamba mke wangu hayupo, isainiwe na mtu yeyote ambaye karani wenu atamkubali.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na mlinzi, aliyeniwekea cheti kwenye bahasha ili kisilowe na mvua. Binti yangu anawasalimu. Shemeji hawasalimu, lakini ameniruhusu niandike kwamba anawasalimu.

Ni mimi mteja wenu, ambaye bado nasubiri,

Baba wa familia ya watu watatu

Tanbihi: Nimeisoma tena barua hii kabla ya kuifunga, na kuna jambo linalonipasa kulisema. Si kweli kwamba mji mzima haujui lugha yetu. Mama wa mapokezi pale hotelini aliijua vizuri tu. Siku ya pili binti yangu alimweleza, naye akaandika kwenye karatasi, kwa lugha yao, kwamba mke wangu amefariki na tuko watatu. Nilipewa mimi nimkabidhi Mwavuli. Niliitia katika mfuko wa shati, na humo ndimo ilimokaa mpaka tukarudi. Binti yangu hakuniuliza. Watu wa huku kwetu, kwa wema wao, wameacha kumtaja mke wangu mbele yangu. Yule mzee kwa siku sita alitazama ngazi kama kwamba atashuka, nami nilisimama kando yake nikitazama pia. Msimhamishe.