Defile na Mama Bokilo

Jamani, nimeaibika leo. Mbele ya Makiso nzima, katikati ya mji wetu wa Kisangani!

Mnajua leo jimbo letu lilikuwa na sikukuu. Tunamkumbuka yule mzee wa bandarini aliyewatetea wabeba mizigo hadi wakapata siku ya kupumzika. Basi sisi watu wa toleka, tunaobeba abiria kwa baiskeli, tukakubaliana mkutanoni: leo hakuna kubeba mtu, tunapita kwenye defile, yaani gwaride la sikukuu, na baiskeli tupu kwa heshima yake. Aliyepiga kelele kuliko wote ni nani? Mimi. (Nautaka usemaji wa chama, si mnanijua.) Hata kibao nilikiandika mwenyewe, nikakifunga mbele ya usukani: LEO HATUBEBI MUTU.

Asubuhi natoka nyumbani Mangobo, shati limepigwa pasi. Mlangoni kasimama mama bokilo, yaani mama mkwe wangu, na beseni la liboke, samaki wa kuchoma ndani ya majani.

"Bokilo, unipeleke Makiso. Liboke iko inapoa."

"Mama, pardon, leo hatubebi mutu."

"Mimi niko mutu? Mimi niko mama ya bibi yako!"

Haya, mjibuni ninyi. Mimi nilimpakia. Nikapanga kumshusha kwenye kona, kabla wenzangu hawajaniona. Nikapita njia za nyuma, nikakata kulia, nikatokea katikati ya defile yenyewe! Polisi akapuliza filimbi: "Ba toleka, avancez! Mwendelee mbele! Munafunga njia!"

Pembeni kamba, nyuma baiskeli za wenzangu. Nikanong'ona: "Mama, ushuke kidogo, tafadhali."

"Nishuke wapi? Batu bote beko kule mbele."

(Mama mkwe hapigiwi kelele. Hata kama unazama.)

Tukafika mbele ya jukwaa la wakubwa. Mtangazaji akashika kipaza sauti: "Na sasa, ndugu zetu wa toleka! Leo, kwa heshima ya Mzee, hawabebi... hawabebi..." Akakisoma kibao changu. Akamtazama mama. Jukwaa zima likageuka kumtazama.

Mama akadhani wanamsalimia yeye. Akapunga mkono, kisha akapaza sauti: "Liboke! Liboke iko moto! Mukuje!"

Watu walivunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na baiskeli. Binti wa marehemu Mzee, naye sasa ni bibi mwenye wajukuu, alicheka hadi kitambaa kikamvuka kichwani. Akaagiza liboke pale pale. Wengine wakafuata, na beseni likaisha kabla hotuba ya kwanza haijaanza.

Na usemaji? Wamenipa! Tonton Bosco, mkubwa wa chama chetu, kasema: "Alors, sasa hakuna mutu ya toleka anajulikana Kisangani kama wewe." Nimefurahi, siwafichi. Ila kibao wamekichukua.

Naomba msicheke. Mama bokilo amecheka kwa niaba yenu, kutoka Makiso hadi Mangobo.

(Ndiyo. Kurudi pia nilimbeba.)