Pikapu Yangu Ilivyonikataa Kwa Wakwe

Leo nimeaibishwa Nyansiongo, tena kwa wakwe. Nawaandikia nyinyi marafiki zangu wa Ekerenyo sasa hivi, kabla uongo haujafika sokoni.

Mnajua tulikuwa tumeenda kumwombea kijana wangu Ombati msichana, Kemunto, na leo ndiyo baba yake alikuwa atupe jibu. Mnajua pia pikapu yangu. Niliinunua kwa yule mzungu aliyeuza shamba akarudi kwao. Mimi, mtu wa darasa la tatu, niliyeanza kwa kubeba ndizi kichwani na sasa nina duka. (Waliosoma bado wanatembea kwa miguu. Sitaji majina.)

Tulipofika, mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha. Mtu mwingine angeegesha popote. Mimi nikarudi nyuma, nyuma, mpaka nikagusa ukingo wa udongo kando ya boma, ili uso wa gari uangalie mlango wa mkwe. Gari ya mtu wa maana haiwapi watu mgongo.

Tukala ugali wa wimbi na kuku. Nikazungumza vizuri sana. Nikawaambia gari hii haijawahi kukataa kuwaka, na binti yao hatabeba mzigo kichwani maisha yake yote. Baba Kemunto akasema, "Mkwe, tumesikia. Jibu tutakupa ukiondoka."

Nikaingia kwenye gari. Boma lote limesimama kutuaga. Nikapiga stata. Injini inazunguka, inazunguka, haiwaki. Nikapiga tena. Betri ina nguvu, injini inazunguka kama kawaida, lakini kuwaka hakuna.

Nikafungua boneti. Nikatoa plagi moja moja, nikazipangusa kwa tai yangu. Cheche zipo. Nikachomoa mpira wa petroli nikavuta kwa mdomo. Petroli ipo. (Niliimeza. Ipo.) Nikalala chini ya gari na suti mpya, na suruali ikapasuka mahali ambapo suruali haitakiwi kupasuka. Nyinyi mnajua heshima ya wakwe kwetu. Mama wa msichana hata kifungo changu kikiwa wazi hapaswi kukiona. Naye alikuwa amesimama pale pale.

Hapo hasira ikanishika. Nikauliza, "Nani hapa amechezea gari yangu?"

Baba Kemunto akasema, "Mkwe, umekula kwangu. Sasa unaniita mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimesema mtu."

"Mtu gani? Hapa ni sisi tu."

Ombati akaniangalia kama mtu anayeona bibi yake akipotea hivi hivi. Akasema tusukume. Wakwe wakavua makoti wakasukuma. Fikirieni: wakwe wanasukuma, mimi nimekaa ndani. Gari ikasogea kidogo, ikakwama kwenye tope.

Nyuma kukabaki shimo kwenye ule ukingo, la mviringo, safi kabisa. Nyanya ya Kemunto akaliangalia. Akaangalia bomba la moshi. Sasa, nyanya ana ruhusa ya kumtania mume wa mjukuu wake, kwa hivyo hakuniambia mimi. Alimwita Ombati, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Mume wangu, gari ya baba yako imezibwa matako."

Mama Kemunto akajifunika uso kwa leso, akakimbilia jikoni. Huko jikoni kukawa na kelele, na haikuwa ya kulia. Ombati akachokora bomba kwa kijiti. Ukatoka udongo mwekundu, mnene kama muhogo. Nikapiga stata. Ikawaka mara moja, bila aibu yoyote.

(Na mimi nauliza: mtu mwenye akili anaachaje ukingo wa udongo laini mahali wageni wanaegesha?)

Baba Kemunto akaja dirishani. Mikono yake ilikuwa na tope la gari yangu. Nilijua nimemtukana mtu nyumbani kwake.

"Mkwe," akasema, "msichana tumewapa. Nyanya amempenda kijana wako, na sisi hatuwezi kubishana na nyanya."

"Asante, mkwe."

"Lakini siku ya kuja kumchukua, tunaomba dereva awe mtu mwingine."

Mimi. Dereva awe mtu mwingine.

Basi kesho nafungua duka kama kawaida. Anayetaka sukari aingie. Anayetaka kuniuliza habari ya nyuma ya gari, akanunue sukari Nyamira.