Mapambo Yaliyochimbua Uwanja wa Shule

Gregory Ngusa (Baba Rhoda),
Nyarugusu.

Kwa Mwalimu Mkuu Pantaleo,

YAH: MWALIMU MWAHIJA NA MAWE YAKE

Mwalimu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimelala ubavu, maana mgongo hauniruhusu kukaa, na sababu ya mgongo utaiona huko mbele. Naandika kama mzazi wa Rhoda wa darasa la pili, na kama mwenyekiti wa kamati ya wachimbaji wa uwanja wako wa mpira, kamati iliyozaliwa asubuhi ikafa mchana. Naomba, kwa heshima zote, Mwalimu Mwahija ahamishwe kabla shule haijafunguliwa Januari. Arudishwe kwao Tanga, ambako jiwe ni jiwe tu. Sababu zangu ni hizi.

1. Mwalimu huyu aliwaambia watoto watengeneze mapambo ya Krismasi kwa vitu vya porini na shambani. Maganda ya mahindi sikatai. Pamba sikatai, pamba ni yetu Wasukuma. Mbegu za ukwaju kwenye uzi wa katani, sawa, ingawa mapambo ya dukani yamejaa tele Kahama, yanawaka taa na kuimba yenyewe, mtoto hachafui hata kidole. Lakini mawe, Mwalimu! Nyarugusu hii ya dhahabu unamtuma mtoto akaokote mawe yanayong'aa? Hapa mtu akiinama barabarani kufunga kamba ya kiatu, wenzake wanasimama kuangalia ameona nini.

2. Kuokota tu hakukutosha. Aliwafundisha kuyaosha kwenye karai, kuyageuza juani na kuchagua yanayometa. Mimi nimeosha mchanga kwenye karai tangu sijaota ndevu, na nakwambia watoto wale walikuwa wanaosha kitaalamu kabisa. Nilipita nje ya uzio nikamwona mwanangu analowesha jiwe kwa mate, analiangalia, kisha anacheka. Jamani! Kwetu mtu haokoti jiwe akacheka hadharani. Anakohoa, analitia mfukoni, anaenda zake.

3. Tena akawaambia wasiseme, eti ni zawadi ya kuwashtukiza wazazi. Nikamuuliza Rhoda kwa upole, ng'wanawane, mwanangu, mawe mmeyatoa wapi? Akafunga mdomo. Nikamnunulia soda. Akainywa yote, akasema ni siri ya mwalimu. Sasa wewe ungeelewa nini? Siri, mawe, karai! Hata hivyo sikumwambia mtu. Nilimwambia jirani yangu Doto peke yake, kwa kiapo, na Doto naye akamwambia mkewe peke yake, kwa kiapo.

4. Jumamosi ulijionea mwenyewe. Rashi ya wachimbaji ilikuwa imelipuka, watu wanamiminika na pikipiki mpaka kutoka Segese, kila mmoja anakimbilia dhahabu ya watoto. Magoli yaling'olewa yakawa nguzo za kuzuia udongo usiporomoke. Mama lishe walishabandika supu kabla shimo la kwanza halijafika magotini. Mganga alichinja kuku mweupe penye kibendera cha kona. Bernadina, mke wa mchungaji, alijigawia katikati ya uwanja akasema ameoteshwa. Mimi nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu ya sauti, nikachimba kwa mfano mpaka mgongo ukagoma. Na Mwalimu Mwahija, chanzo cha yote haya, alikuwa nyumbani kwake anasuka ukindu kwa raha zake.

5. Hapa ndipo panapouma. Tuliingia darasa la pili. Tulibeba nyota zote, mashada yote, hata ile kengele ya kibuyu, tukang'oa mawe, tukayapeleka kwenye karasha yakasagwa. Tukauosha ule unga. Tukapata unga. Laiti Mwalimu Mwahija angechagua mawe yenye chembe mbili tatu za dhahabu, watoto wangeelewa kwa nini wazazi wao walivunja mapambo yao. Sasa wanatuona wendawazimu. Rhoda hajanipa shikamoo tangu siku ile. Ananipita kama anapita kinu. Inaniuma, Mwalimu, sikufichi.

6. Na ndipo wewe mwenyewe ukashika kipaza sauti, bila hata huruma, ukatangaza kwamba mawe yale yaliokotwa kwenye rundo la kokoto, lililoletwa kwa lori kutoka mbali kwa ajili ya kujengea vyoo. Vyoo! Vyoo vilevile ambavyo kila mkutano unatuomba tuje na sururu tuchimbe mashimo, nasi kila mkutano tunapiga makofi na kwenda nyumbani. Nimelala na mgongo wangu nikatafakari. Mashimo sasa yapo. Yamenyooka, yamechimbwa bure, na watu walewale waliokataa. Hiyo ni bahati? Mimi nasema ni njama. Mzazi ana haki yake ya kukataa kujitolea, na haki hiyo mmeivunja kwa hila ya Krismasi. Tukinyamaza, mwakani atawatuma watoto wakaokote majani, nasi tutashtukia tumelima shamba la shule.

Kwa hiyo ahamishwe. Mapambo yawe ya plastiki. Mawe yafundishwe kwa picha.

Nisalimie Mama Lusia hapo nyumbani, walimu wote, na yule mlinzi tuliyemfungia stoo kwa bahati mbaya. Mwalimu Mwahija naye msalimie, salamu hazina ugomvi.

Ni mimi mwenye mgongo,
Gregory Ngusa.

N.B. Nilishaikunja barua hii Rhoda akaingia. Amenipa shikamoo. Ameshika nyota ya maganda ya mahindi, katikati amefunga jiwe; aliificha chini ya kitanda tusiione. Kasema ndiyo ile zawadi yangu, niitundike, nisiisage. Nimeitundika juu ya mlango, na jiwe nimelilamba mara moja tu. Mwalimu Mwahija asiende popote. Shimo la nyuma ya darasa la pili limebakiza kidogo kufika kina cha choo, na mgongo ukikubali kesho nakuja na sururu kulimalizia. Ila usitangaze kwamba najitolea, nitachekwa mji mzima. Wakikuuliza nachimba nini, sema hujui. Halafu okota jiwe, uliangalie, ucheke kidogo.