Mawese ndani ya Rulema

Jumatatu, 3 Juni 1957, Baraka

Mashua imeleta rulema mpya, zile duara za vigololi vya chuma zinazokaa ndani ya gurudumu. Ni za kamiyoneti ya patron wetu, mzee Idi, gari dogo la mizigo linalopandisha samaki Fizi. Patron amesema gurudumu moja la mbele ni langu, la pili la fundi mwenzangu Ramazani. Mwenye gurudumu litakalozunguka vizuri zaidi atapata usukani na kofia ya shoferi. Kofia! Miaka mitatu mi naitamani.

Batu bote banamusifu Ramazani. Eti anaegesha turnevisi, ile bisibisi yake, kwenye gurudumu, anaweka sikio kwenye mpini, anajua rulema imekufa. Hata Marthe, bibi yangu wa ndoa, amesema ana sikio la ajabu. Nimekula ugali haraka, nikatoka.

Jumanne, 4 Juni

Nimemuchungulia. Anatia grisi kwa kiganja, anaikandamiza polepole kati ya vigololi. Saa nzima! Nikajaribu yangu. Nzito. Inashika gurudumu. Ndipo akili ikaja: mafuta ya mawese ya Marthe, ya kupikia! Laini, iko nyumbani bure. Nimefuta grisi yote, nimemimina chupa yote. Marthe alikuwa shambani.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Patron amenyanyua kamiyoneti kwa jeki, amezungusha kwa mukono, amehesabu. La Ramazani, mara tisa. Langu, mara ishirini na tatu, kimya kabisa! Ramazani ameuliza nimetia nini. Nimejibu ni ufundi. Amesema anaogopa mulima. Wivu huo! Kofia iko kichwani. Nimelala nayo.

Ijumaa, 7 Juni

Mulima wa Fizi. Katikati ya njia, bamama baliokaa nyuma bakauliza nani anakaanga ndizi. Nikasema ni majiko ya kijiji. Kijiji hakuna. Halafu moshi. Halafu gurudumu likalia, likakataa kuzunguka. Patron ameshuka, amegusa, amenusa kidole.

“Norbert, hii ni ya kupikia sombe.”

Ramazani akaitwa. Amefika na lori ya misioni, na rulema ya zamani, na kopo lake la grisi. Amekandamiza, amezungusha, ameweka sikio. Mara nane tu! Na patron akavua kofia kichwani mwangu mbele ya bamama bote, akamupa. Nimemaliza safari nyuma, juu ya samaki. Nilitaka kulia.

“Kaka Norbert,” Ramazani akaniambia Fizi, “kuja siku yoyote, nitakuonyesha kutia grisi.”

Munafiki.

Jumapili, 9 Juni, Pentekosti

Marthe ameona chupa tupu. Tumekula sombe kavu, majani ya muhogo bila mafuta. Amesema Ramazani angeomba kwanza. Ramazani tena, ndani ya nyumba yangu!

Padri akihubiri, mi nimewaza. Kosa si langu. Mawese ya Marthe ni ya kutoka Lweba, nyepesi mno. Dada yake ana ya kutoka Kazimia, nzito kabisa. Kesho nitaomba patron gurudumu la nyuma. Chupa ya dada yake nimeshaichukua, iko chini ya kitanda. Mwenyewe hajui bado.