Mkono Nyuma ya Kiti

Jumamosi, 10 Mei

Bi Ghada amekuja kupiga hodi asubuhi. Nilikuwa bado nimelala, maana mtu aliyefungiwa biashara hana sababu ya kuamka mapema. Nilijua amekuja kunisuta. Siku hizi hakuna anayekuja kwangu kwa jambo jingine.

Ajabu, hakusuta. Yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msomi wa Nairobi aliyerudi kwao kisiwani Amu kuwahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo. Nikamuuliza kama watoto hao wanaelewa mambo. Akasema wengi wao akili zao zinakata kuliko yangu. Tatizo ni kwamba ubongo haupelekei mikono na miguu amri inavyotakiwa. Nimeipokea kama elimu, si tusi.

Shida yake ni kwamba mazoezi yanawachosha watoto. Kunja, nyoosha, kunja, nyoosha, mpaka wanalia. Sasa anataka wayafanye kwa gemu. Ameniomba mashine yangu, pamoja na ile kamera inayofuata mikono ya mchezaji bila yeye kushika kitu.

Mashine iko uvunguni tangu Ustadhi Abdulwahid aliposema msikitini kwamba chumba changu cha gemu, pale Langoni, kinawatoa vijana chuoni, kwenye Kurani. Sikubishana. Nilifunga mlango kwa adabu nikaanza kumchukia kimya kimya.

Nikauliza, kwa upole tu, mtoto wa kwanza ni nani. Hadil, akasema. Mjukuu wa Ustadhi Abdulwahid.

Alhamdulillahi. Nimekubali bila masharti. Sharti liko moyoni: mjukuu atashinda, babu atasimama mbele ya watu aseme gemu ni dawa, nami nitafungua upya. Mpango safi. Sioni pa kuharibikia.

Jumatatu, 12 Mei

Hadil ana miaka kumi, kiti cha magurudumu na ulimi wa wakili. Mkono wake wa kushoto umekunjika kifuani, kama mtu anayeficha halua asiombwe.

Mashine tumeifunga kwenye kliniki ya Bi Ghada, na mchezo ni mwepesi. Machungwa yanaanguka kwenye skrini, na mkono wako ndio kikapu. Bi Ghada ameyapanga yaanguke juu, upande wa kushoto, mbali. Nikamwambia huko ndiko mtoto asikofika. Akasema ndiyo maana. Wasomi hawa.

Hadil amekosa karibu yote. Amecheka, ametokwa jasho, ametaka tena. Katikati akageuka kuniuliza, “Ami Badawi, mbona wahema kama punda aliyebeba matofali?”

Nilikuwa na wasiwasi wa kitaalamu.

Bi Ghada alikuwa na furaha ya harusi. Anasema kiwiko kimefunguka kuliko alivyowahi kukiona, na mtoto hakulia hata kidogo. Mimi niliangalia alama. Zilikuwa za kusikitisha. Hakuna mtu aliyewahi kufunguliwa biashara kwa sababu ya kiwiko.

Jumatano, 14 Mei

Jamaludin ameingilia. Jamaludin ni muuza simu, jirani yangu wa zamani pale Langoni, mtu asiyeweza kuona jambo la mwenzake bila kulitia mkono. Amesikia habari, amekuja na skrini kubwa kama mlango. Zawadi kwa watoto, anasema. Bi Ghada amemshukuru mbele yangu, tena akirudia. Skrini yangu imegeuzwa uso ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa.

Habari ya pili ni nzito zaidi. Ustadhi atakuja Jumamosi na wazee wa mtaa kujionea. Moyo wangu ukaruka, kisha nikazikumbuka alama.

Kwa hiyo Bi Ghada alipokwenda kuswali adhuhuri, niliingia kwenye mipangilio. Kubofya kidogo tu. Machungwa yakaanza kushuka taratibu, mapajani kwa mchezaji. Hadil akayazoa yote bila kuinua mkono. Skrini ikalipuka fataki, tarumbeta zikalia.

Mtu mwenye shukrani angefurahi. Hadil akapiga mwayo. Akaniambia ni kama kuulizwa jina lako kwenye mtihani.

Bi Ghada akarudi, akatazama skrini, akatazama mkono uliolala mapajani. Akaniuliza kama nimegusa kitu. Nikasema huenda ni joto. Au skrini ya Jamaludin, skrini hizi kubwa hazitabiriki. Akarudisha kila kitu kilivyokuwa, halafu akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, “Bwana Badawi, mimi sitafuti mshindi. Natafuta mkono.”

Nikaitikia kwa kichwa. Mkono anaotaka ninao.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa nimefunga mlango na dirisha.

Wazee walikuja na kanzu zilizopigwa pasi. Ustadhi alikaa mbele, bakora magotini, uso wa mtu aliyekuja kuhakikisha alichokwisha kuamua. Mama yake Hadil alisimama karibu na mlango. Jamaludin alikaa karibu na skrini yake, asije mtu akaisahau.

Mimi nikajitolea kushika kiti. Nikasema magurudumu yanateleza. Nikasimama nyuma ya Hadil, nikanyoosha mkono wangu wa kushoto juu ya bega lake, kiungwana, kama anayefukuza inzi. Kamera haina ubaguzi. Ikauchukua wangu.

Kikapu kiliruka. Chungwa la kwanza ndani. La pili ndani. Wazee wakasema mashaallah. Ustadhi akainama mbele, macho yamemtoka. Nilishaanza kutafuta rangi ya kupaka mlango wangu.

Hadil akatazama skrini. Akatazama mkono wake, ambao ulikuwa kifuani, umetulia. Akarudia kutazama skrini.

“Babu,” akasema, “si mimi. Ni Ami Badawi.”

Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Nikakuna kichwa nao, lakini kikapu kwenye skrini kikakuna vilevile.

Hakuna aliyenipigia kelele, na hilo ndilo baya. Bi Ghada akanishika kiwiko, changu safari hii, akanitoa mpaka barazani. Akaniambia mtoto huyu amefanyiwa mambo na watu tangu azaliwe: amelishwa, amevishwa, amebebwa. Hili lilikuwa jambo la kwanza alilotaka kulifanya mwenyewe, nami nimelitia mkono. Nikamjibu nia yangu ilikuwa njema. Akaniacha hapo, akaingia ndani.

Nilichungulia dirishani. Hadil alikuwa amewaomba wote wasogee kando. Akaanza upya. Akakosa. Akakosa tena. Mzee mmoja akakohoa. Mama yake akapiga hatua moja, Hadil akamwambia arudi. Ule mkono ukatoka kifuani kidogo kidogo, ukitetemeka, vidole vimefumbata, ukapanda ukapita bega, na kiwiko kikanyooka. Chungwa likaingia.

Moja tu. Hapakuwa na tarumbeta, maana gemu haitoi tarumbeta kwa chungwa moja.

Ustadhi hakusema mashaallah. Alivua kofia, akajifuta uso nayo, akaivaa tena upande. Kisha akamuuliza Hadil kama amechoka. Bado, akasema.

Sijui kilichonipata machoni. Vumbi, bila shaka. Baraza lile halifagiliwi.

Jumatatu, 19 Mei

Ustadhi amekuja kwangu baada ya alasiri. Nilikuwa na hotuba tayari. Hakuihitaji.

Akakaa. Akasema jana usiku baada ya swala aliwaambia watu kwamba alikosea kuyahukumu mambo asiyoyajua, na kwamba gemu ikitumiwa vizuri huwa sababu ya kheri. Akamshukuru Bi Ghada. Akamshukuru Jamaludin kwa skrini. Nikangoja. Nikaendelea kungoja.

“Wewe sikukutaja,” akasema. “Sikutaka kukufedhehi.”

Kisha akaegemea bakora. “Badawi, wewe ndia iliyonyooka huioni hata ukiwekwa katikati yake.” Akasimama kuondoka, na mlangoni akasema Hadil ananiita. Mashine ni yangu, na wote walidhani nitaidai. Hadil amewaambia ami hatadai, ami ataka mtu wa kucheza naye.

Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Alhamisi, 22 Mei

Tumecheza wawili. Bi Ghada ametoa amri: mkono wa kushoto tu, na wangu wa kulia umefungwa kwa kitambaa nyuma ya mgongo, fundo la Bi Ghada mwenyewe. Hadil akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia nimecheza gemu tangu kabla hajazaliwa. Akasema basi sina udhuru.

Amenishinda. Si sana. Chungwa la mwisho lilianguka juu, kushoto, pale pale pasipofikika, nami nilinyoosha mkono kwa nguvu zote mpaka bega likalia. Yeye akafika kwanza. Alipiga ukelele mpaka mtaalamu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Niweke wazi hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilimwachia. Kwa huruma. Kesho nitamwachia tena, na keshokutwa, asubuhi na mapema.

Pia nimetafakari kwa kina makosa ya Jumamosi, kama mtu mzima anavyotakiwa. Kosa lilikuwa moja tu. Nilisimama nyuma ya kiti. Wakija wageni wengine nitakaa chini ya meza.