Ukuta Usiokubali Rangi

Redio ya jirani yangu Spika ilitangaza asubuhi ile kwamba nchi yetu sasa imejitoa katika Umoja wa nchi jirani moja kwa moja, isipokuwa ukuta mmoja.

Nilikuwa namimina kahawa, nikasimama kidogo na birika mkononi nisikie vizuri. Waziri alikuwa anaeleza kwamba nembo zote za Umoja zilizochorwa kwenye majengo ya nchi nzima zimekwisha kufutwa. Imebaki moja tu, na hiyo nayo ikifutwa, Ofisi Maalumu ya Kufuta Nembo itavunjwa kwa shukrani nyingi. Akaongeza kuwa wananchi wa kipato cha chini hawajahisi athari yoyote ya kujitoa. Kisha likaja tangazo la sabuni.

"Umesikia?" Spika akamwambia Mama Belo. "Hatujahisi."

"Mimi nimehisi."

"Umehisi nini?"

"Njaa."

"Hiyo ulikuwa nayo tangu zamani."

"Zamani ilikuwa inanitembelea na kuondoka," akasema Mama Belo. "Sasa imehamia na mizigo yake."

Hao wawili hukaa hapa kijiweni ninapouza kahawa, tangu ninapowasha jiko. Spika ni fundi redio, na sauti yake mwenyewe haihitaji kifaa. Wakati wa kura ya kujitoa alisimama juu ya benchi letu siku baada ya siku, akituambia kwamba Umoja haujawahi kutufanyia lolote sisi wa mtaa huu. Mtaa mzima ulimwamini, mimi nikiwemo, maana alizungumza vizuri na watu walikuwa wanakunywa kahawa wakimsikiliza. Mama Belo anauza nguo za mitumba. Marobota yake yalikuwa yanavuka mpaka kama mtu anavyotoka sebuleni kwenda jikoni. Siku hizi yanalala mpakani yakisubiri ushuru, na mezani kwake zimebaki soksi zisizo na wenzao. Anaziuza hivyo hivyo. Anasema wateja wake nao wamepungukiwa, wataelewana.

Mtu mmoja tu kijiweni petu alipata kazi kutokana na kujitoa. Huyo ni Brashi, fundi rangi. Ofisi ilimpa ngazi, ndoo na rangi nyeupe, ikamwambia azunguke mtaa akifuta nembo za Umoja, lile gurudumu la buluu. Kazi hiyo haikumpa shida kuanza, kwa sababu alijua kila nembo ilipo. Yeye ndiye aliyezichora miaka ile.

Mama Belo alimwandama sana kwa jambo hilo. Alimuuliza kama kweli alichora magurudumu yote yale kwa mkono wake, halafu akaenda kupiga kura kwamba Umoja haujatufanyia lolote.

"Nilikuwa nachora," akajibu Brashi. "Sikuwa nasoma."

Alianza na zahanati. Halafu daraja la miguu, halafu bomba la maji la hapa kona, halafu choo cha soko. Kila alipofuta tulishangaa kidogo, kama mtu anayeambiwa kwamba shangazi aliyemsema vibaya ndiye aliyekuwa anamlipia shule. Spika alikuwa na jibu kila mara. Zahanati, alisema, ni moja tu. Tulipofika kwenye bomba alisema maji ni ya Mungu. Siku ile Brashi alipotuomba tusimame, akapindua benchi letu na kutuonyesha gurudumu dogo la buluu chini ya ubao, Spika alitazama viatu vyake. Lilikuwa benchi lile lile alilosimama juu yake.

Sasa nieleze utaratibu wenyewe, maana ndio uliotufikisha kwenye ule ukuta. Jengo likiwa bado na nembo, ni la Umoja, na Umoja unaendelea kulihudumia mpaka likabidhiwe. Likishapakwa rangi nyeupe na kupigwa picha, ni la serikali. Serikali inalipokea kwa furaha, inatafuta fungu la kulihudumia, inakuta fungu hakuna, inatia kufuli. Zahanati ilitiwa kufuli. Choo cha soko kilitiwa kufuli, na hapo waziri angekuja kutuuliza kama tumehisi. Bomba halikufungwa ila lilikauka, kwa kuwa mwenye kuendesha pampu aliambiwa apumzike. Benchi letu nalo lilivunjika mguu, tukaambiwa tusiliguse kwa sababu ni mali ya serikali. Tumeliwekea jiwe.

Ukabaki ukuta mmoja, wa karakana ya kushona.

Karakana hiyo iko ng'ambo ya barabara, mkabala na jiko langu. Wanawake wa mtaa huu wanashona humo mashuka ya hospitali, na mashuka hayo yanauzwa kwenye nchi za Umoja. Kwa sababu jengo lina nembo, vitambaa vinaingia na mashuka yanatoka bila ushuru, kama zamani. Binti yake Brashi anashona humo. Mumewe alivuka mpaka kutafuta kibarua kabla ya kujitoa, na tulipojitoa akajikuta upande wa pili anasubiri kibali. Kwa hiyo watoto wawili, baba mtu ambaye malipo ya Ofisi hayamtoshi, na yeye mwenyewe, wote wanakula kutoka kwenye cherehani ile moja. Nembo ikifutwa, kufuli itakuja wiki ile ile, kazi ya Brashi nayo itakwisha, na watu hao hawatakuwa na pengine pa kula.

Brashi aliupaka ukuta ule. Jioni ulikuwa mweupe. Asubuhi gurudumu la buluu lilikuwa limerudi, hafifu, kama jua nyuma ya wingu. Akapaka tena. Likarudi tena. Afisa wa Ofisi alikuja na kamera yake, akatazama, akasema, "Bado linaonekana. Nitarudi."

Mambo hayo yalimpendeza mno Spika. Hapo kijiweni alimcheka Brashi bila kupumzika. Alisema kuna mafundi wanaopaka nyumba na kuna mafundi wanaolowesha nyumba. Akashauri ajaribu dawa ya meno. Akauliza kama ni kweli kwamba Brashi akipaka kucha za bibi harusi, rangi inatoka kabla bwana harusi hajafika.

Ningependa mjue kwamba Brashi ni mtu mwenye fahari na mkono wake. Kuta alizopaka mimi nikiwa bado na nguvu za kubeba gunia zipo mpaka leo. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili, na niliona kwamba kahawa haikupungua. Mama Belo akamrushia Spika teke chini ya benchi, likapiga jiwe, akaumia yeye.

Ndipo yule binti akavuka barabara akitoka kazini. Alikuwa ameshona mto wa benchi kutokana na vipande vilivyobaki, mweupe, safi, kama wa mgonjwa wa heshima. Akautandika pale ubao ulipopasuka, mahali ambapo Spika hukaa na kulalamika. Akanisalimia, nikamwitikia. Kisha akamuuliza baba yake kama ukuta umekwisha.

"Bado, mwanangu."

"Pole na kazi, baba."

Akaenda zake. Spika akakalia mto wake. Akageuka kuweka kikombe chini, na macho yake yakaangukia kwenye ndoo ya Brashi, ambayo siku hiyo ilikuwa wazi. Rangi iliyokuwamo ilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Mle ndani ungeweza kujitazama uso ukanyoa ndevu. Spika alitazama ndoo, akatazama ukuta, akatazama kule alikokwenda binti. Namjua Spika tangu hajaota meno ya mbele, na nilijua kwamba ameelewa.

Kesho yake alikuja amebeba dumu la maji. Akaliweka kando ya ndoo ya Brashi bila kumtazama. Kisha akasimama katikati ya barabara na kuanza kuwahutubia wapita njia kwamba rangi za siku hizi ni mbovu, tangu tujitoe haziingii rangi za maana, fundi hata awe hodari vipi atafanya nini. Alihutubia vizuri kuliko wakati wa kura. Na kwa bahati, safari hii alikuwa anasema kweli.

Tangu hapo kila mmoja akawa na kazi yake. Spika analeta maji, Mama Belo anatoa soksi za kuchujia rangi ili isiwe nzito kwa bahati mbaya, Brashi anapaka. Afisa anakuja, anasema bado linaonekana, anaondoka. Karakana inashona.

Basi ndio maana habari ile ya redio ilitukata maini. Ukuta mmoja umebaki, na waziri ameutaja.

Brashi alipofika tulimweleza. Akakaa. Mama Belo alisogea ampishe mahali palipo na mto. Spika alisema Afisa leo hatakuja kwa upole. Ametajwa redioni, atakuja na fundi mwingine, mwenye rangi ya mafuta, na mchana hautafika kabla ukuta haujawa mweupe. Mama Belo akapendekeza nisimwuzie Afisa kahawa. Nikamwambia sijawahi kumnyima mtu kahawa na sitaanza uzeeni. Brashi alisema yeye atakwenda kukiri, amwambie Afisa ni maji, afukuzwe yeye na karakana iachwe.

"Ukikiri watapaka kesho," akasema Spika.

"Nisipokiri watapaka leo."

"Basi kiri polepole."

Tulikuwa hapo Afisa alipotokea, peke yake, na mwavuli wake mkongwe na kamera shingoni. Hakuwa na fundi. Akatusalimia, akanipa shikamoo kama kawaida yake, akavuka barabara.

Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Gurudumu lilikuwa pale, hafifu, lakini hata mimi na macho yangu haya nililiona nikiwa ng'ambo. Akalipapasa kwa kiganja. Kiganja kikatoka cheupe. Akakitazama, akakifuta kwa leso. Ndani, cherehani zilikuwa zinalia zote kwa pamoja. Zikanyamaza moja moja, mpaka kukawa kimya, na vichwa vikajitokeza dirishani. Binti yake Brashi alikuwa wa mbele.

Afisa aliwaamkia kwa kuinamisha kichwa. Hakupiga picha. Akarudi kwetu.

Kuna jambo nilikuwa nimeliona kwa Afisa huyu ambalo sikumwambia mtu. Kila anapokuja hukaa mwisho wa benchi, pale penye jiwe, ili wenzake wakae vizuri. Na kola ya shati lake imegeuzwa, upande uliochakaa ndani, kwa mshono wa mkono. Nimegeuza kola nyingi maishani mwangu. Najua nyumba inakuwaje mpaka kola igeuzwe.

Nikammiminia. Akakaa penye jiwe. Akanywa kidogo, akaishika kahawa magotini. Spika alikuwa anachezea kitufe cha redio ambayo alikwisha kuizima.

"Mmesikia taarifa?" akauliza Afisa.

Mama Belo alisema tumesikia, tena kwa sauti kubwa.

"Waziri anasema ukuta huu ukiisha, Ofisi inavunjwa."

"Kwa shukrani," akasema Spika.

"Kwa shukrani," akakubali Afisa. Akanywa tena. "Mtu ana watoto wanne. Atawapikia shukrani."

Niliongeza kahawa kwenye kikombe chake ingawa hakikuwa kimekwisha.

Akamgeukia Brashi. "Fundi. Hiyo rangi unachanganya na maji kiasi gani?"

Brashi alitazama mikono yake. Nikajua anataka kukiri, na polepole haiwezekani tena. "Bakuli la rangi," akasema, "kwa ndoo ya maji."

Afisa akamaliza kahawa, akafuta mdomo, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Akasimama na kutazama ukuta mara nyingine, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyerefuka.

"Leo nimekaribia kutoliona," akasema. "Ongeza maji."

Akafungua mwavuli, akaenda zake. Ng'ambo ya barabara cherehani zikaanza tena, moja moja. Spika alikwisha kushika dumu. Bomba la karibu lilikwisha pakwa rangi, kwa hiyo akashika njia ya lile la mbali.