Mashabiki wa Kocha Nickolaus

Jumatano, 14 Mei 2025

Omega sasa hivi katumbukiza filimbi ya baba yake kwenye uji, kisha kaipuliza. Uji mpaka ukutani. Nimecheka nikasahau kumfuta mtoto wa watu.

Baba yake, mume wangu Nickolaus, alikuwa mshambuliaji wa Viboko, timu yetu hapa Kiberege. Siku alipowafunga Lupiro matatu peke yake, alibebwa hadi sokoni. Mpaka leo wauza nyanya wanamwongezea. Ila tangu awe kocha tumefungwa mechi tano. Walewale waliombeba wanamwambia avue suruali, avae bukta, aingie mwenyewe. Mwenyekiti wa timu, Mzee Dionisi, kasema Jumamosi tukifungwa tena na Lupiro, ukocha anapewa msaidizi, Lukelo. Luciana, mke wa Lukelo, kashaanza kunipa pole.

Nimefikiri sana. Tatizo siyo mpira. Tatizo ni kelele: hana wa kumshangilia.

Alhamisi, 15 Mei

Vijana wa kijiweni wamekataa. Eti kocha hashangiliwi, anavumiliwa.

Sawa. Sauti za kweli ziko mashambani. Mpunga unaiva, wanawake wanaamia, wanafukuza ndege toka alfajiri kwa mayowe na madebe. Nimemfuata dada Rosa, kiongozi wao. Shikamoo, halafu nikamweleza mume wangu anafukuzwa. Akasema mdogo wangu, ndege hawajui Jumamosi. Nikamwahidi maandazi. Akauliza ya nazi au ya kawaida. Nikasema ya nazi. Nazi sina.

Jumamosi, 17 Mei

Wamekuja wanane na madebe yao. Mpira hawaujui kabisa. Kila aliyesogelea goli walimfukuza, wa kwao na wa kwetu. Mshambuliaji wetu kaacha mpira kakimbia. Refa kutoka Ifakara kaomba maji mara tatu. Dakika za mwisho kipa wa Lupiro kaziba masikio, mpira ukapita katikati ya miguu. Moja bila. Nickolaus kabebwa tena! Mzee Dionisi kampa mkono, kasema ukocha ni wake. Luciana kaondoka bila kuaga.

Jumapili, 18 Mei

Mzee Dionisi kaja kutoka kanisani moja kwa moja. Hakukaa. Kumbe wale wanane wanaamia shamba lake. Jana ndege wamekula heka mbili. Kauliza nani kawatoa waamiaji. Dada Rosa alishamwambia ni mimi, tena kaongeza kuwa maandazi yalikuwa makavu.

Ukocha kapewa Lukelo. Nickolaus kapewa kombeo, akaamie heka zilizobaki.

Jumatatu, 19 Mei

Ajabu. Watu wanakwenda shambani kumtazama. Akirusha jiwe wanapiga makofi. Hajawahi kupendwa hivi toka awe kocha, na mwenyewe hataki hata kuniangalia.

Nimeona kosa langu: niliwatoa wote shamba moja. Jumamosi Lukelo anacheza na timu ya Mkula. Safari hii nitachukua mmoja mmoja kila shamba, wakamzomee mpaka ukocha urudi nyumbani. Nimeshapata sita. Wa saba ni mke wa Mzee Dionisi, yule mama akikohoa tu anasikika Ifakara, kesho nampelekea maandazi, safari hii ya nazi kweli.